Darasa la Kuyaachilia Yaliyopita, Kisauni: Wiki Nane kwa Shilingi 1,500

Wiki iliyopita nilimaliza darasa la jioni ambalo kanisa moja dogo la upande wa Kisauni huliendesha kwa wiki nane, kila Alhamisi kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili usiku, kwa ajili ya watu wanaotaka kuyaachilia yaliyopita na kuendelea na safari yao katika Kristo. Ada ni shilingi 1,500, na ndani yake mna kijitabu cha mafunzo, daftari jembamba la mazoezi, chai na mahamri kila kikao, pamoja na nauli ya matembezi ya Jumamosi moja. Nimeona niandike tathmini hii kwa sababu semina za namna hii zimekuwa nyingi hapa Mombasa, matangazo yake yamebandikwa kwenye kuta na nguzo tangu Buxton hadi Mtwapa, na mtu aliyebeba jeraha hana njia nyepesi ya kujua ni ipi itakayomsaidia na ni ipi itakayompa machozi ya usiku mmoja tu.

Yafaa niseme kwanza nilikwenda na mzigo gani, maana huduma hii haipimiki bila kuujua. Miaka kumi na moja iliyopita nilimdhamini binti wa mjomba wangu katika mkopo wa kununua marobota ya mitumba, tukawa tunauza pamoja kwenye meza moja sokoni Kongowea. Alihama bila kuaga, deni likabaki na jina langu, na Jumamosi moja asubuhi madalali walifika nyumbani kwangu Mikindani wakachukua jokofu, viti vya sebuleni na cherehani ya marehemu mama yangu, majirani wakitazama kutoka madirishani. Tangu wiki ile nilianza kuandika katika daftari la jalada gumu kila senti iliyonitoka kwa sababu yake: salio la mkopo, riba, gharama ya madalali, hata nauli za kwenda kumtafuta Malindi. Jumla ilifika shilingi 186,400. Kila Desemba nilikuwa nikilitoa daftari hilo na kujumlisha upya, ingawa hakuna tarakimu iliyokuwa imebadilika. Miaka yote hiyo nilikuwa mwanakwaya, nikisali na kufunga, na nikiulizwa kama nimemsamehe nilijibu ndiyo.

Kikao cha kwanza kilinivunja moyo kidogo. Tulikuwa watu ishirini na watatu katika ukumbi mdogo, lakini vipaza sauti vilifunguliwa kana kwamba tuko uwanjani, na nyimbo zikachukua karibu saa nzima kabla hatujaambiwa tumekuja kujifunza nini. Mtu aliyefika na neno zito kifuani anahitaji utulivu ili aweze kulisikia, na utulivu huo haukuwapo. Nashukuru kwamba kuanzia wiki ya pili mwalimu mwenyewe, mzee aliyestaafu kazi ya reli, aliomba vyombo vizimwe, akaketi nasi katika duara na kufundisha kwa sauti yake ya kawaida.

Alianza na Wafilipi 3:13, andiko ambalo kila semina ya aina hii hulitumia, ila yeye alikaa juu ya neno moja ambalo wengi hulipita mbio. Paulo anasema, kwa Kiswahili cha Union Version, kwamba anayasahau yaliyo nyuma na “nikiyachuchumilia yaliyo mbele.” Mzee alisimama, akanyanyua visigino, akanyoosha mkono kuelekea juu ya kabati la vitabu vya nyimbo, kama mtoto anayetaka kufikia kopo la sukari, na akatuambia kwamba huko ndiko kuchuchumia: mwili mzima umekaza, kitu chenyewe bado hakijashikwa, na mtu aliye katika hali hiyo hawezi kugeuza shingo kutazama nyuma bila kuanguka. Kisha akatuonyesha kwamba Paulo huyohuyo, aya chache kabla ya hapo, ameorodhesha maisha yake ya zamani waziwazi, kabila lake, ufarisayo wake na namna alivyoliudhi kanisa, na kwamba mtu aliyefuta kumbukumbu zake hawezi kuandika orodha kama ile. Yusufu naye alimwita mwanawe wa kwanza Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu yake, lakini ndugu zake walipofika Misri aliwatambua mara moja na akalia. Kusahau kunakozungumzwa katika maandiko, kwa maelezo yake, ni kuacha kuyapa yaliyopita usukani. Hakuhusu kujifanya hayakutokea. Niliandika jambo hilo kwenye daftari, ingawa siku ile bado halikuwa limenigusa.

Kikao cha tatu ndicho kilichonirudishia ada yangu yote. Mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili kutoka Sala ya Bwana kama ilivyo katika Luka 11:4: “kila tumwiaye.” Akauliza ni nani ajuaye maana yake. Wengi wetu tumezoea sala hiyo kwa namna ya Mathayo, yenye “wadeni wetu”, na hatukuwahi kusimama penye neno hili. Aliyejibu ni mama mmoja kutoka Likoni, akasema nyanya yake alikuwa akitumia neno hilo dukani, “namwia fulani shilingi tano,” yaani namdai. Mzee alifurahi sana. Akatueleza kwamba sala yenyewe inamtaka mwombaji akiri kwanza kuwa kuna mtu anayemdai, na kwamba huwezi kumsamehe usiyemwia. Anayesema “haikuwa kitu” au “yalikwisha” hajasamehe lolote, amekataa tu kulitazama deni.

Kutoka hapo tuliingia Mathayo 18, mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akaenda kumkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Tulipiga hesabu ubaoni. Dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku moja, kama Mathayo 20 inavyoonyesha, na talanta moja ilikuwa dinari zipatazo 6,000; kwa hiyo deni la kwanza ni siku milioni 60 za kazi, na mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka atalimaliza kwa miaka 200,000. Watu waliguna na kucheka. Kisha mzee akahesabu lile deni la pili: dinari mia ni siku mia za jasho, karibu miezi minne kwa mtu apumzikaye siku moja kwa wiki. Akauliza ni nani kati yetu angeona kupoteza mshahara wa miezi minne kuwa jambo dogo, na ukumbi ukanyamaza kabisa, ikasikika feni tu. Mimi nimehubiriwa mfano huu tangu shule ya Jumapili, na kila mara dinari mia zilitajwa kama kitu cha kudharauliwa, na kila mara nilitoka kanisani nikihisi kwamba Mungu hakuiona cherehani ya mama yangu ikipakiwa kwenye gari la madalali. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilisikia kwamba Yesu mwenyewe aliliweka deni langu kwenye hesabu, akalitaja kwa kiasi chake, na hakusema kuwa ni hewa. Alichofanya ni kuliweka kando ya deni jingine ambalo ni langu mimi.

Zoezi lililofuata lilikuwa la kurasa mbili zinazotazamana: kushoto uandike unayemwia na unachomwia, kulia uandike wanaokuwia wewe. Ukurasa wa kushoto niliujaza kwa dakika kumi, kwa kuwa nilikuwa naujua kwa moyo. Ule wa kulia ulikaa mweupe wiki mbili. Siku nilipoandika mstari wa kwanza niliandika juu ya mazishi ya mjomba, Kaloleni, ambayo sikuhudhuria kwa sababu nilijua bintiye atakuwapo. Na mjomba huyo ndiye aliyenilipia karo ya kidato cha kwanza. Mstari wa pili ulihusu maneno niliyowaambia akina mama wa chama chetu juu ya huyo binti na wanaume, maneno ambayo sikuwa na uhakika nayo. Mistari mingine sitaiandika hapa. Ninalotaka msomaji ajue ni kwamba zoezi hili limetungwa na mtu anayeijua mioyo ya watu, na kwamba hakuna aliyelazimishwa kusoma ukurasa wake mbele ya wenzake, jambo ambalo nimeliona likifanywa kwingine na likiwaumiza watu.

Kikao cha nne kilirudia mengi ya cha tatu, nacho kingeweza kufupishwa. Matembezi ya wiki ya tano, kwa upande mwingine, nayakumbuka karibu hatua kwa hatua. Tulianzia Nyali, kwenye kumbukumbu ya mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, karibu na mahali alipomzika mkewe Rosine mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kuja kuishi Mombasa. Mama alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa. Mwaka huohuo alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 1846 mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, aliungana naye wakafungua kituo cha Rabai, na kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Mwalimu alituomba tusimame kimya pale kwa dakika tano na kufikiri juu ya mtu anayeendelea na kazi huku kaburi likiwa karibu naye. Ningependa pia tungeambiwa neno juu ya wenyeji waliomfundisha lugha, maana kamusi haitungwi na mtu mmoja, na kikundi chetu kilikuwa na Wamijikenda na Waswahili ambao wangelisikia jambo hilo kama la nyumbani.

Kutoka hapo tulikwenda Kengeleni. Nimepita njiapanda ile maelfu ya mara ndani ya matatu, nikisikia utingo akiita jina, bila kufikiri kuwa jina limetokana na kengele yenyewe. Kengele hiyo ni ya Frere Town, makazi ambayo chama cha wamisionari cha CMS kiliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, yakaitwa hivyo kwa heshima ya Sir Bartle Frere, aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kwa niaba ya Uingereza kushughulikia mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Wazee wa hapo husimulia kwamba kengele ilipigwa kuwaonya watu pale wafanyabiashara wa watumwa walipoonekana wakikaribia. Mwenzetu mmoja wa darasa ni mjukuu wa vitukuu vya watu hao, na ndiye aliyetufundisha pale, wala si mwalimu. Alisema wahenga wake walipokea ubatizo, majina mapya na mashamba mapya, wakajenga, wakasomesha watoto, lakini nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuambiwa asahau. Kuna wimbo mmoja wa kubembelezea mtoto ambao umeshuka hadi kwake, na hakuna tena katika ukoo mzima anayeelewa maneno yake, na bado wanauimba. Alituimbia ubeti mmoja kando ya barabara, malori yakipita. Kama nilikuwa na shaka yoyote kwamba mtu anaweza kusonga mbele pasipo kuyafuta yaliyo nyuma yake, iliniondokea hapo.

Sasa nifike kwenye malalamiko yangu makubwa, nayo ni kikao cha sita. Siku hiyo mzee hakuwapo, na aliyeshika nafasi yake alikuwa kijana mwenye bidii lakini asiye na uzoefu. Mama mmoja alieleza kwamba alimkimbia mumewe kwa sababu ya kipigo, na kwamba anamwombea kila siku, ila haoni jinsi ya kurudi. Kijana akamjibu kwamba msamaha wake hautakamilika mpaka arudi. Nilihisi damu ikinichemka, na nilisimama nikasema, na narudia hapa, kwamba kusamehe na kurudi ni mambo mawili. Warumi 12:18 inasema, “Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote,” na maneno “kama yamkini” na “kwa upande wenu” hayakuwekwa pale kuwa pambo. Mtume alijua kwamba kuna amani isiyowezekana kwa sababu ya mtu wa upande wa pili. Mtu aliyetuibia anaweza kusamehewa bila kukabidhiwa tena ufunguo wa duka, na mwanamke aliyepigwa anaweza kumsamehe mumewe akiwa salama kwa dada yake. Wiki iliyofuata mzee alirudi, akaambiwa, akamwomba mama huyo radhi mbele yetu sote, na baada ya darasa wanawake wawili wa kanisa walikaa naye kwa muda mrefu. Radhi hiyo naihesabu kuwa ya heshima kubwa. Hata hivyo darasa linaloita watu wenye majeraha lingepaswa kuwa na mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, au angalau orodha ya mahali pa kuwaelekeza watu ambao maumivu yao yanapita uwezo wa maombi ya pamoja na kijitabu. Hapakuwa na lolote la namna hiyo, na kwa sababu hiyo sitamshauri mtu aliyetoka juzi katika mambo ya kutisha aanze na darasa hili peke yake.

Lalamiko dogo ni la saa. Wenzetu wa Likoni walikuwa wakiondoka kabla ya maombi ya mwisho ili wawahi feri, na mama aliyetufafanulia “tumwiaye” alikosa nusu ya kikao cha tatu kwa ajili hiyo. Kusogeza darasa hadi Jumamosi asubuhi kungemaliza tatizo hilo.

Kikao cha saba kilifanyika Jumamosi alfajiri ufuoni, na pia kilikuwa cha thamani. Tulipofika, mzee alikuwa ameshawasha jiko na kubandika samaki wanne aina ya changu, mikate imefungwa kwenye kitambaa kando. Hakusema neno mpaka harufu ya makaa ilipotuingia nguoni. Kisha akasoma Yohana 18, Petro akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu na kumkana Bwana wake mara tatu, na bila kueleza chochote akafungua Yohana 21, wanafunzi waliposhuka pwani wakakuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Harufu ni ileile. Petro alirudishwa kwenye moto uleule uliomwaibisha, lakini safari hii aliyeuwasha ni Yesu, na hakuulizwa “kwa nini ulinikana”. Aliulizwa mara tatu kama anapenda, na kila alipojibu alipewa kazi. Wavuvi wawili waliokuwa wakivuta wavu karibu nasi walisimama wakasikiliza, na mzee akawapa samaki. Baada ya kula tuliombwa kutupa karatasi za madeni yetu motoni. Wengi walifanya hivyo, na wengine walilia kwa furaha, nami siwadharau hata kidogo. Mimi sikutupa, kwa sababu nilijua kwamba nikichoma karatasi nitaona nimemaliza, na ukurasa wangu wa kulia ulikuwa bado haujafanyiwa kazi.

Jumatatu nilimpigia simu binti wa mjomba, kwa namba niliyopewa na kaka yake. Tulizungumza dakika nne. Jumapili iliyofuata alikuja Mikindani na maembe ngowe katika mfuko, tukaketi, na akaitaja cherehani yeye mwenyewe kabla sijafungua kinywa. Nilimwambia kwamba simdai tena. Kisha nilimwomba radhi kwa yale niliyoyasema chamani, na kwa kutomzika baba yake, nikamweleza sababu. Alinitazama kwa muda, akaniambia kwamba hata yeye hakwenda Kaloleni. Alihofia kunikuta huko.

Kikao cha nane kilikuwa cha vyeti na picha, na anayebanwa na kazi anaweza kukikosa bila hasara. Kwa jumla, shilingi 1,500 ni bei ya haki, hata kama ni kwa kikao cha tatu na cha saba tu. Mwenye ugomvi wa ndugu, wa mirathi, wa biashara au wa kanisa, aliyechoka kusema amesamehe huku akijua bado anahesabu, namshauri aende. Achague zamu ambayo mzee mwenyewe anafundisha vikao vyote, na aulize hilo kabla ya kulipa. Pia abebe daftari lake, kwa kuwa lile wanalolitoa lina kurasa chache, na ukurasa wa kulia huhitaji nafasi zaidi ya mtu anavyodhani.